Zuhura, ile miti ina majina ya watu

Shosti wangu Zuhura,

Salama lakini? Mimi nipo, baridi tu ndo inanitesa ila nishaanza kuizoea. Ile picha niliyokutumia juzi ukaniuliza "Rehema mbona unapiga picha miti tu, watu wako wapi", nilitaka nikujibu kwa voisi nikaona haitatosha, acha nikae nikuandikie, maana watu wenyewe ndo hiyo miti.

Iko hivi. Huku Australia, jimbo la Victoria, ukitoka Melbourne kuelekea Ballarat, kuna vijiji na vimji ambavyo ukivikaribia tu unakuta barabara ina miti mikubwa huku na huku, imepandwa kwa kupimana, matawi yamekutana juu kama paa. Mwaka mzima nimepita humo kwenye gari nikijua ni miti ya kivuli. Kumbe kila mti ni wa mwanajeshi mmoja, na jina lake liko kwenye kibao kidogo pale pale kwenye shina au chini yake. Wenyewe wanaziita barabara za heshima, na nyingi zilipandwa vita ya kwanza ya dunia ikiwa bado inapigwa au ilipoisha tu.

Nikajiuliza sasa kwa nini miti, si wangejenga mnara yakaisha? Minara wanayo pia, lakini sikiliza hii. Nchi ilikuwa haina hata watu milioni 5, wakaondoka zaidi ya laki 4 kujiunga na jeshi, na zaidi ya 60,000 hawakurudi. Na hawakurudi kabisa kabisa Zuhura, hata maiti, kwa sababu Uingereza ilishaamua kila mtu azikwe kule kule alikofia, Gallipoli kule Uturuki, Ufaransa, Ubelgiji, Palestina huko. Jenerali mmoja tu, Bridges, mwili wake ulirudishwa 1915, halafu basi, hadi 1993 ndo wakaleta mmoja tena, asiyejulikana jina, wakamzika Canberra, mji mkuu. Sasa wewe mama yake mtu uko kijijini, kaburi la mwanao liko safari ya wiki na wiki kwa meli, nauli huna na hutakaa uipate, unaenda wapi kulia? Ndo nikaelewa. Unapewa mti. Unaenda kuumwagilia, unaupalilia, unauona unakua, mtoto mwenyewe alishasimama pale alipofika.

Na kingine kilichonigusa, kwenye barabara nyingi hawakupanda kwa ajili ya waliokufa peke yao. Serikali iliwaulizia wananchi mara mbili kwa kura, 1916 na 1917, kwamba vijana walazimishwe kwenda vitani kule ng'ambo, na mara zote mbili wakakataa, kwa hiyo kila aliyeenda alienda kwa kujitolea mwenyewe, na kila aliyeenda akapewa mti wake, awe alirudi awe alibaki huko. Pale Ballarat walifuata zamu ya kujiandikisha, cheo hakikuangaliwa. Afisa anaweza kuwa katikati ya mchunga kondoo na mpiga randa, miti sawa, nafasi sawa. Hilo mi nalipenda mno.

Na hiyo ya Ballarat unajua nani waliibeba? Wasichana wa kiwanda cha nguo cha Lucas, kama 500 hivi, mafundi cherehani hao! Walianza Juni 1917, tena kipupwe, wakichangisha wenyewe na kutoka kwenda kupanda, hadi kufika 1919 wana miti zaidi ya 3,700 kwenye barabara ya kilomita kama 22. Halafu mji wa Bacchus Marsh, Agosti 10, 1918, watu walijipanga kila mmoja na mche wake, tarumbeta ikalia, miti 281 ikashushwa kwenye mashimo kwa wakati mmoja. Nikiifikiria hiyo sekunde mwili unanisisimka.

Sasa nikwambie ya kwangu. Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye kijiji kimoja kidogo, nyumba za kuhesabu, nikashuka nikatembea mguu. Miti yao ni ya aina ya elmu, ile ile ambayo Ulaya na Marekani imekufa kwa mamilioni kwa ugonjwa wa kuvu unaoenezwa na vidudu vya jamii ya mbawakawa, huku haujafika ndo maana imebaki mizee namna ile. Majani yalikuwa yameshapukutika yote. Kuna mti mmoja kibao chake kilipigwa misumari kwenye shina miaka hiyo, na mti umekua umekifunga, gome limekuja kama midomo pande zote, limebakiza herufi nne za katikati. Nikapitisha kidole. Shaba ya baridi, gome la vuguvugu kidogo kwa jua, yaani sijui nikuelezeje.

Pale kulikuwa na bibi mmoja anaokota vijiti vikavu chini ya mti wa kaka wa babu yake, ananiambia huwa anakuja kila wiki. Hakuwahi kumuona huyo mtu, hata mama yake hakuwahi kumuona. Nikamuuliza mti ukifa mnafanyaje. Akacheka akasema hapo ndo kijiji kinagombana, wengine wanataka upandwe mti mwingine unaovumilia ukame kwa sababu mvua siku hizi si za kutegemea, wengine hawataki hata kusikia, wanasema alipewa elmu abaki na elmu. Mimi ukiniuliza niko na hao wa pili, najua utaniambia moyo unanitawala, lakini safu ikiwa na mti wa aina nyingine katikati macho yanaenda hapo hapo na yule mtu anakuwa kama katengwa na wenzake.

Akanipeleka kunionyesha. Kuna kisiki, mti uliangushwa na upepo, na pembeni yake kijiti kama kimo changu kimefungwa kwenye vigingi viwili kwa kitambaa. Wewe mtu wa vitalu vya miche utafurahi hapa. Hawakununua mche. Elmu inachipua kwenye mizizi, kwa hiyo walichimba chipukizi la mzizi wa mti ule ule ulioanguka wakalipanda pale, kwa hiyo si mti mpya, ni ule ule wa 1918 umeanza tena. Kibao wamekiosha wakakirudisha, safari hii kwenye jiwe.

Nilisoma jina kwa sauti, bibi akalirudia akinirekebisha matamshi, nikalisema tena hadi akaridhika.

Nijibu basi, na uniambie chipukizi kama lile lifungwe muda gani kabla ya kuachiwa lisimame lenyewe, nimemuahidi bibi nitakuuliza.

Wako,
Rehema