Mjomba, kabla hujaandika hundi ya watoto wa moyo

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu wenye uwezo kama wako, wanaowaza kama ulivyowaza, ni wengi. Uliposema kwenye kundi la ukoo kwamba kila mwaka utagharamia upasuaji wa moyo kwa watoto, wote tulijaza dua, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Sizirudishi. Naomba tu robo ya fedha hizo iende kwenye utafiti wa kuuzuia ugonjwa huo ukiwa bado mchanga.

Najua umeguna. Ukisikia utafiti unaona semina, posho, na ripoti inayolala kabatini. Mimi nafanya kazi hospitali na semina hizo nimezikalia, kwa hiyo sikulaumu. Lakini hebu tuanze na ugonjwa wenyewe.

Simzungumzii mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Namzungumzia aliyezaliwa mzima, akaumwa koo, akasukutua maji ya chumvi, akapata nafuu na kurudi shule. Kwa watoto wachache, kinga ya mwili iliyopambana na bakteria wale wa kooni huja kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikirudia rudia, milango ya moyo inakakamaa au inaacha kufunga vizuri. Miaka inaweza kupita bila dalili yoyote. Wengi tunawapokea wamekwishavimba miguu, au ni mama mjamzito anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi.

Fedha yako inamkuta hapo. Akiwekewa mlango wa chuma, ataishi na dawa ya kuzuia damu kuganda siku zote za maisha yake. Dozi ikizidi, anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda pale mlangoni na inaweza kumpooza. Lazima damu ipimwe mara kwa mara, na kwa mtu wa kisiwani huenda kila kipimo kikawa safari ya majini. Akiwa msichana, siku akitaka kuzaa, dawa hiyo hiyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Siku ya kukabidhi hundi, mbele ya kamera, sijasikia mtu akiyataja haya. Upasuaji unaokoa maisha, nimeona kwa macho yangu, ila kwa hawa ni mwanzo wa matibabu mengine ya kudumu.

Sasa sikia habari ya majirani zetu. Tangu mwaka 1950, kutokana na utafiti uliofanywa kwa askari wa kambi moja huko Wyoming, Marekani, ilijulikana kwamba penisilini ikitolewa wakati koo linauma huzuia homa ya baridi yabisi. Lakini mtoto ambaye milango ya moyo imekwishaguswa kidogo, naye hana habari, afanyiwe nini? Jibu la uhakika lilikuja mwaka 2021, kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Walipima mioyo ya watoto na vijana 102,200 kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na kutoka humo wakapata 818 wenye hatua ya mwanzo waliokubali kushiriki. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na nusu hawakuchomwa. Kwa waliochomwa na kufuatiliwa hadi mwisho, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 kati ya 399. Kwa wengine, 33 kati ya 400.

Wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nakupa na upande wa pili. Hata bila sindano, wengi wao hawakuzidiwa katika miaka hiyo miwili. Inabidi kuwachoma watoto kama 13 kwa miaka miwili ili kumwokoa mmoja, na hujui ni yupi. Sindano yenyewe inauma kweli. Je, mtoto aendelee nayo mpaka lini? Nani atafanya eko kwenye zahanati isiyo na daktari wa moyo, na nesi akifundishwa kutumia mashine ndogo ya mkononi atakosea mara ngapi? Shule zikifungwa, nani atamfuata mtoto kijijini? Maswali haya hayajibiwi kwa busara za mezani. Yanajibiwa kwa kuwafuatilia watoto halisi miaka mingi, na kufuatilia kunataka mishahara, mafuta ya gari na dawa.

Utafiti wa Gulu haukubebwa na bajeti ya wizara. Mfuko binafsi wa Marekani unaogharamia utafiti wa afya ya watoto, Thrasher Research Fund, ulitoa fedha pamoja na wafadhili wengine. Viongozi wa Afrika walishaahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Ahadi ni nzuri.

Utaniuliza: na mtoto anayekufa leo? Robo tatu ya fedha ni yake, sijaigusa.

Ukikubali, weka masharti kama unavyowawekea madereva wako. Utafiti uwe na kibali cha maadili. Fedha zitoke kwa awamu, kila awamu na hesabu yake. Wazazi wasomewe matokeo kwa Kiswahili, hata yakiwa mabaya. Na usiahidi mwaka mmoja, maana mwaka mmoja unaishia kwenye vibali na mafunzo. Kama huwezi miaka mitano, bora zote ziende kwenye upasuaji.

Nipo zamu za usiku mwezi huu. Nipigie mchana, baada ya saa nane, nikupe majina ya watu wa kuwauliza wewe mwenyewe.

Mpwa wako