Tundu la mmoja ni la wote

Kariakoo,
Dar es Salaam

Ndugu yangu Salum,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, labda joto tu. Barua yako niliwasomea kijiweni, na lile swali lako la mwisho likazua ubishi: serikali ikidukua simu, asiye na hatia anapoteza nini? Jirani yangu wa kaunta amekuunga mkono. Aliwahi kulizwa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo kwake polisi waingie simu yoyote waitakayo.

Namwelewa. Ila nyie wawili mnachanganya kuomba na kudukua. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, ule mtandao wa mijadala, alikamatwa, akashtakiwa kwa kuzuia uchunguzi kwa sababu hakutoa taarifa za watumiaji wake. Uwe upande wake au usiwe, yule aliombwa, akakataa, jambo likafika mahakamani na watu wakabishana waziwazi. Mwaka huohuo Marekani, wapelelezi wa FBI walitaka Apple iwasaidie kufungua simu ya mmoja wa wauaji wa shambulio la San Bernardino, California. Apple wakagoma hadharani. Machi FBI wakapata mtu mwingine aliyewafungulia, kesi ikaishia hapo, na Apple hawakuambiwa alipitia wapi.

Hapo ndipo penye shida. Mdukuzi haombi mtu. Mwaka 2019 Pegasus, programu ya kupeleleza simu ya kampuni ya NSO Group ya Israel ambayo wenyewe wanasema huziuzia serikali tu, ilipenyezwa kwenye simu kwa kupiga WhatsApp. Hata usipopokea, imeshaingia. WhatsApp walisema waliolengwa ni kama 1,400, wakiwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki. Nani angegoma kwa niaba yao, wakati wenyewe hawakujua?

Halafu nikwambie kama fundi: tundu, yaani kasoro ya programu anayopitia mdukuzi, halichagui simu ya jambazi. Programu iliyo kwenye simu yake ndiyo iliyo kwenye yako. Anayeliweka siri ili alitumie kesho, ametuacha wazi sote. NSA, shirika la ujasusi la Marekani, walikuwa na tundu la Windows wakakaa nalo kimya. Zana yao ikaibwa, na Aprili 2017 ikamwagwa mtandaoni. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuliziba, Machi, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijasasishwa. Mei ikaja WannaCry, programu iliyopitia tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia: zaidi ya nchi 150, na hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa nyumbani. Wagonjwa, Salum! Hao walikuwa na hatia gani?

Sasa fikiria simu zinazopita mezani kwangu. Nyingi ni za mtumba, mtengenezaji alishaacha kuzipelekea masasisho. Zile zinazoyapata bado, mwenyewe anakataa: bando litaisha, memori imejaa. Kiraka kikitoka leo, huku kinaweza kisifike kabisa. Na ndani ya simu hizohizo ndimo tunamoweka hela.

Sijasema polisi wafungwe mikono. Ibara ya 16 ya Katiba yenyewe inakubali faragha iingiliwe, ila inataka sheria iseme katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani. Basi na tubishane juu ya hayo: nani anatoa kibali, aliyedukuliwa anaambiwa lini, na tundu likijulikana, mtengenezaji anapewa taarifa au linafichwa. Hilo la mwisho sijawahi kumsikia mtu akiliuliza redioni, na redio hapa dukani haizimwi.

Ile simu ya mama uliyosema inagandaganda, usimpe mtu wa hapo stendi aifleshi. Mpe shemeji aje nayo akija Dar, nitaitazama mwenyewe, na nikikuta haipokei tena masasisho tutamtafutia nyingine. Hela zake azihamishe kwanza.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo,
Hamisi