Fundi gitaa, nirudishie spea zangu za zamani

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama mimi ndo mkubwa basi marahaba.

Nimesoma ile makala yenu ya Jumapili iliyosema magitaa ya bendi zetu za zamani yasiguswe na fundi yeyote, yawekwe kwenye kabati la kioo watoto waje wayaone, nikasema hapana, hapa na mimi lazima niandike. Gitaa sio kinyago. Gitaa lisipopigwa linakufa, skrubu zinaliwa na kutu, panya wanatafuna nyaya, na sisi wa pwani huku upepo wa chumvi unalifuata hata ulifungie uvunguni ndani ya boksi lake. Ila na mafundi nao nina kidonda changu, kwahiyo msidhani nimekuja kuwatetea.

Mjomba wangu alipiga solo miaka ya sabini, kwenye bendi ya shirika moja ambalo siku hizi halipo. Vijana wa sasa hawajui kwamba zamani vyombo vilikuwa mali ya taasisi, NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, majeshi nayo yalikuwa na bendi zake, yani mwanamuziki anahama bendi anaondoka na vidole vyake tu, gitaa linabaki stoo. Shirika la mjomba lilipofungwa vyombo vikauzwa bei ya kutupa, yeye akachukua gitaa alilolizoea, akalipigia harusi mpaka likagoma kutoa sauti, akaliegesha nyuma ya kabati la nguo likakaa hapo miaka na miaka. Mwaka jana akanikabidhi, akasema we si unajua mambo ya mjini, kanitengenezee.

Kichwani halina jina, nembo imeng'oka yamebaki matundu mawili ya vimisumari. Shingo nene kama mpini wa jembe. Pikapu mbili, yani vile visumaku vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti, kila moja ina mfuniko wa bati lenye matundu ya urembo, na ukichungulia ndani unaona karatasi ya rangi ya dhahabu kama ile ya kufungia chokoleti. Mi sikujua ni nini, nikaona urembo tu wa zamani.

Nikalipeleka kwa fundi, simtaji na mtaa wake siutaji. Ana jina, anatengeneza mpaka vinanda vya makanisa, nikamwamini. Akapima akasema pikapu zimekufa zote, dawa yake ni kuweka za kisasa, zile za mapacha, yani koili mbili pamoja, zisizovuma. Nikamwambia sawa weka. Niliporudi baada ya wiki mbili mwili wa gitaa umechimbwa kwa patasi kama mtu alikuwa anatengeneza mzinga wa nyuki! Zile za zamani zilikuwa nyembamba, zinakaa juu ya ubao kwa skrubu tu, hizi za mapacha ni nene zinataka shimo, basi yeye akachimba, na kuchimba kwenyewe hakunyoosha, kingo zimechanika, rangi imebanduka kama ukurutu. Namuuliza zile za zamani ziko wapi, ananijibu kwa amani kabisa, "Si nilikwambia zimekufa, nimeshatupa."

Nimekuja kujua baadaye nilipoanza kusomasoma na kulinganisha picha. Hilo gitaa ni la Japani, aina ya Teisco za miaka ya sitini, kampuni iliyokuja kununuliwa na Kawai, kampuni nyingine ya vyombo vya muziki ya hukohuko, mwaka 1967. Wakati ule yalikuwa magitaa ya bei chee ya wanaojifunza, hakuna mzungu aliyeyaheshimu. Halafu yule mpiga gitaa wa Marekani Ry Cooder akaing'oa pikapu ya namna ile akaifunga kwenye Stratocaster yake, gitaa la Fender la Marekani, watu wakasikia ule mlio, leo zile pikapu za karatasi ya dhahabu zinasakwa kama tanzanite na kuna viwanda vinatengeneza za kuigiza. Ndo hizo fundi wangu kazitupa jalalani.

Na kinachoniuma zaidi, mi naamini hazikufa. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, na mara nyingi unaokatika ni pale mwanzoni au mwishoni ulipoungwa na waya mnene, pakiingia kutu tu basi, multimita, ile mita ya kupimia umeme, haisomi kitu unadhani yote imekufa. Fundi mwenye subira na miwani anaunga palepale inafufuka. Hata ikiwa imekatika katikati inasukwa upya, kuna mafundi rewaindi kibao wa mota za pampu na mafeni hapa Dar, kazi ni hiyohiyo isipokuwa waya wa pikapu ni mwembamba zaidi na unataka mkono mwepesi.

Sasa mwandishi wa makala asije akashangilia kwamba si unaona, nilisema yasiguswe. Hapana kaka (au dada). Kazi iliyobaki nimeimalizia mwenyewe kwa spea mpya na sioni aibu. Volyumu za zamani, vile vitufe vya kuzungusha sauti, zilikuwa zinakwaruza kama redio inayotafuta stesheni, fundi akaweka zake, nami nimezitoa nikaweka mpya. Hapo napo nitoe siri, fundi alikuwa ameweka za 250K (hicho ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na herufi B kwa sababu ndizo alizokuwa nazo za redio, wakati pikapu ya mapacha inapendelea 500K, ukiipa 250 sauti inakuwa nzito imejifunika blanketi, na kwa volyumu inatakiwa herufi A, maana ile B ukizungusha sauti inaruka yote mwanzoni halafu mbele haiendi popote. Jeki mpya, ile ya zamani ilikuwa imelegea waya ukitingishika kidogo unapotea hewani katikati ya wimbo. Ndani ya shimo (shimo si lipo tayari, nifanyeje) nimebandika karatasi ya shaba nikaiunganisha na ethi, mvumo wa umeme umepungua sana, ule mmmm unaousikia taa za tyubu zikiwashwa. Na kwa msiojua, mvumo ukipungua ukishika nyuzi ujue ethi yako inafika kwenye nyuzi, usimsikilize anayekwambia gitaa lina shoti.

Vifungio vya nyuzi vya zamani meno yalikuwa yamelika, unatyuni sasa hivi mpaka ukimaliza ubeti wa kwanza umeshatoka. Nimeagiza vya kisasa mtandaoni, vimekuja vinataka tundu la milimita 10 na langu ni dogo zaidi. Fundi wangu angevuta drili. Mi nikaagiza tena, safari hii vya shimo dogo, nikasubiri wiki tano, vikaingia bila kutoboa popote. Wiki tano si kitu kwa gitaa lililokaa nyuma ya kabati miaka yote hiyo.

Kile kipande cha juu kinachotenganisha nyuzi kilikuwa plastiki na kimepasuka. Hiki sikuagiza. Nilienda kwa jamaa wa supu ya ng'ombe hapa mtaani nikaomba mfupa, akaniangalia vibaya akadhani nina mbwa. Umeshachemka tangu alfajiri mafuta yote yametoka, nikaukausha juani, nikaukata kwa msumeno wa chuma, msasa, na njia za nyuzi nikachonga kwa vile vibati vya fundi gari vya kupimia nafasi ya plagi, nimevitia meno kwa tupa. Unang'aa kuliko wa dukani. Nyuzi zilikuwa juu mno ya shingo, nikafungua shingo, nikakata kipande cha kadi ya vocha nikakiweka chini yake upande wa kuelekea daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili, nikafunga tena, nyuzi zimeshuka vidole havilii tena.

Kwahiyo mimi msimamo wangu ni huu, na naomba uuchapishe Mhariri. Kinacholika kwa kutumika, volyumu, jeki, vifungio, freti (vile vyuma vya kwenye shingo), badilisha weka kipya bila kuomba radhi, hata hao wakongwe wangebadilisha kama spea zingekuwepo, mjomba anasema walishawahi kufunga waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa gitaa. Ila usitoboe wala kuchimba kitu ambacho huwezi kukirudisha, na usitupe. Ukipeleka gari gereji, fundi akibadilisha beringi anakuletea ile mbovu kwenye kitambaa uione kwa macho yako, tena asipokuletea unamdai, tumeshazoea hivyo nchi nzima. Kwanini fundi gitaa asinipe? Hata kama imekufa ni maiti yangu, nikaizike mwenyewe.

Sauti? Sitadanganya, linalia, tena kwa nguvu na halivumi. Kwa sebene la haraka liko poa. Ila ile solo ya mjomba ninayoikumbuka utotoni ilikuwa inalialia kwa juu, nyembamba, kama mtu anakuita kutoka ng'ambo ya mto, na hiyo sijaipata. Hizi za mapacha zimenenepa.

Ombi langu la mwisho. Yule fundi aliposema ametupa mi nina wasiwasi kuna mtu aliokota au aliuziwa. Kama kuna msomaji anazo pikapu mbili za bati lenye matundu na karatasi ya dhahabu ndani, kila moja ina skrubu mbilimbili na skrubu moja imebadilishwa na ya kichwa bapa, aiandikie ofisi ya gazeti, namba yangu nimeiacha huko, bei tutaongea na sitauliza alizipata wapi. Nimeshamwomba fundi mbao wa Keko anikatie kipande cha kuziba lile shimo, kipo tayari kimepakwa rangi, kinangoja. Mjomba amepiga simu juzi anauliza gitaa linarudi lini, nikamwambia bado linakauka rangi, akasema, "Rangi gani mwanangu, mbona nilikupa likiwa na rangi yake?"

Mpiga rithim mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam