Sheria ya moshi isiwabane mafundi wa mafuta ya chipsi

Mhariri,

Moshi mweusi wa malori Barabara ya Mandela tunauvuta kila siku, kwa hiyo wanaotaka sheria kali nawaunga mkono. Ila wasiwafungie njia mafundi wanaotengeneza dizeli kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Injini ya dizeli iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris, mwaka 1900!

Kumimina mafuta ya chipsi kwenye tangi yalivyo ni kuua nozeli, vile vitundu vinavyonyunyizia mafuta ndani ya injini. Ni mazito mno. Yachujwe, yachanganywe na methanoli na kostiki soda, gliserini (uteute mzito unaojitenga na mafuta) ituame chini, itolewe; kinachobaki juu ndiyo dizeli. (Methanoli ni sumu, msijaribu jikoni jamani.)

Serikali ipime kinachotoka kwenye ekzosi, na iwape mafundi hawa mahali pa kupimia mafuta yao.

Msomaji,
Buguruni, Dar es Salaam