Barua kutoka Brisbane: barafu inayoning'inia juu ya kaburi

Brisbane, Australia, Jumapili

Mwanangu Zuhura,

Salamu sana. Huku sote tu wazima, hofu ni kwenu. Msalimie bibi yako na wote hapo nyumbani.

Umeuliza inakuwaje mwanamke mmoja ashike jukwaa karibu saa nzima, hana wa kujibizana naye, na watu wasichoke. Igizo ulilolisikia, ambalo wewe na wenzako mnafikiria kulicheza huko pwani, ni The 7 Stages of Grieving, yaani hatua saba za kuomboleza. Lilitungwa na Wesley Enoch na Deborah Mailman, likaonyeshwa mara ya kwanza hapa hapa Brisbane mwaka 1995 na kundi la maigizo la Kooemba Jdarra. Enoch aliongoza, Mailman akaigiza. Ni igizo la Waaborijini, wenye nchi hii tangu kale kabla Waingereza hawajatia nanga Sydney mwaka 1788.

Ukitaka kulielewa, fikiria matanga. Kwenye matanga hakuna kisa kimoja kinachoanza na kwisha. Huyu analia, yule anakumbusha vituko vya marehemu mpaka watu wanacheka, mwingine anatoa picha. Ndivyo lilivyojengwa: vipande vifupi vifupi, kila kimoja na sauti yake. Kuna cha kuchekesha ambamo mwanamke anawafokea Waingereza wa 1788 kwamba hapo si pa kuegesha vyombo vyao. Kuna kingine kuhusu kijana wa miaka 18 aliyefia mikononi mwa polisi hapa Brisbane mwaka 1993, nacho kinasomwa kikavu kama ripoti. Ni rahisi kukosea hapo kwa kulia. Mwigizaji akilia yeye, mtazamaji anabaki kumtazama tu. Akisoma bila kutikisika, uzito wote unamwangukia mtazamaji.

Hatua saba zenyewe ni historia yao: enzi ya Ndoto (yaani enzi ya uumbaji katika imani yao), uvamizi, mauaji ya kimbari, ulinzi, kumezwa (yaani kulazimishwa kuishi kama wazungu), kujiamulia na maridhiano. Hilo neno ulinzi lisikudanganye. Ndilo lililotumika kwenye sheria ya Queensland, jimbo letu hili, ya 1897 iliyoipa serikali mamlaka ya kuwahamishia Waaborijini makambini. Yapo pia maelezo ya ukoo kwa mafungu ya udongo yaliyorundikwa sakafuni: hili ardhi, haya mengine lugha, familia, njia za wazee. Kisha tunaambiwa tufikirie watoto wakiondolewa humo. Fungu la katikati lazima lionekane hadi safu ya mwisho, kwa hiyo viti vya ngazi vinafaa kuliko ukumbi wa sakafu bapa.

Sasa barafu, ambayo ndiyo uliyoiulizia zaidi. Maelekezo ya watunzi yanataka pande kubwa la barafu lililoning'inizwa kwa kamba saba, likidondokea kaburi la udongo mwekundu. Linayeyuka mbele ya macho ya watu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayelizungumzia. Kwa macho yangu hilo ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko maneno yote.

Piga hesabu kabla ya kupenda. Pande la sentimita 30 kwa 30 kwa 60 lina uzito wa karibu kilo 50. Kamba na boriti vibebe mara kumi ya huo, nusu tani, na uweke waya wa chuma wa akiba uliofungwa mahali pengine kabisa. Mwigizaji asipite chini yake hata mara moja, mazoezini wala siku ya onyesho. Ukifunga barafu kwa wavu kwa nje, itapungua na kuchomoka. Kwa hiyo weka fito ya mbao ngumu katikati ya chombo, funga kamba zote saba hapo, ndipo ujaze maji na kugandisha. Anza wiki moja mapema, maana katikati ndiko kunakochelewa kuganda.

Barafu ikitoka moja kwa moja kwenye friza ni kavu, haidondoshi hata tone, na taa kali zikiipiga ghafla hupasuka. Itoe nusu saa kabla ya watu kuingia. Kwa joto lenu la pwani itadondosha haraka, lita kadhaa kwa saa, kwa hiyo chini ya udongo tandika turubai lenye kingo zilizoinuliwa, na nyaya zote za umeme zipite juu, zisiguse sakafu.

Kaburi la mita 2 kwa 1, kina cha sentimita 10, linakula ndoo 10 za lita 20. Chekecha udongo, unyunyizie maji asubuhi. Ukiwa mkavu unatimua vumbi linalomkaba mwigizaji koo; ukilowa sana, ni tope, na atateleza.

Kifaa kingine ni sanduku la safari lenye picha za familia. Lipate la zamani, lililochakaa. Jipya linaharibu kila kitu.

Jambo moja lazima nikwambie wazi: igizo hili msilicheze kama lilivyo. Ruhusa ya wenye haki inahitajika, na zaidi ya ruhusa, mwanamke yule ni Mwaborijini na nafasi ni ya mwigizaji wa kwao. Kinachowafaa ninyi ni ule ujenzi wa matanga: vipande vifupi, kitu kimoja kinachobadilika polepole jukwaani, na kicheko kinachotangulia msiba. Visa mnavyo vya kwenu. Barafu nayo si lazima, mshumaa mnene au kapu la mchanga unaovuja vitapima saa vilevile, na havitamwangukia mtu.

Kama bado mmeng'ang'ania barafu, niandikie kwanza urefu wa dari la ukumbi wenu, na kama boriti ni za mbao au za chuma. Msinunue kamba kabla sijawajibu.

Shangazi yako