Wale wa Kariakoo hawakutuzidi dhambi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa kooni tangu Novemba 2024.

Mimi ni katekista huku Mtama, mkoani Lindi. Novemba kwetu ina mambo mawili. Ni msimu wa minada ya korosho, fedha zinaingia, na mwenye kiduka anapanda basi kwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kufunga mzigo. Na kwetu Wakatoliki ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Kwa hiyo ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16, huku simu zilipigwa kila upande. Hata hilo jina la "machinga", wengi husema limetokana na Wamachinga wetu wa Lindi. Vijana wetu wako kule, ndiyo riziki yao.

Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo alihangaika na simu hadi saa nane mchana ndipo mwanawe akapokea. Kijana alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Tukataka kupiga vigelegele, mama akatunyamazisha. "Msishangilie jamani. Kuna mwenzangu anapiga sasa hivi haipokelewi."

Nimehudhuria semina nyingi za imani, Mhariri, lakini sikumbuki kama nimewahi kufundishwa kitu kizito kuliko hicho.

Siku chache baadaye, kwenye mkutano wa injili, nikamsikia mhubiri akisema kwa kipaza sauti kwamba Mungu ameipiga Kariakoo kwa sababu ya dhuluma na ushirikina wa wafanyabiashara. Watu wakaitikia amina. Nikajiuliza kama sura ya 13 ya Injili ya Luka kwake imechanwa. Pale Bwana Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale walikuwa wakosefu kuliko watu wote wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hakutoa sababu ya mnara kuanguka. Aliwageukia waliokuwa wamesimama mbele yake, wazima, akawaambia watubu wao.

Lakini nisimnyoshee kidole mhubiri peke yake. Nami nina neno langu ninalolitumia kila tunapokwenda kuhani: "Kazi ya Mungu haina makosa." Nimelisema makaburini mara nyingi mpaka linatoka lenyewe. Kwa mzee aliyekula chumvi nyingi akafia kitandani kwake, sawa. Kwa aliyefukiwa na zege, hapana. Zege, nondo na nguzo ni kazi ya binadamu, na kazi ya binadamu ina makosa. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, ambaye ni mtu wetu wa Ruangwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Mkristo anayeuliza tume ilikuta nini hajapungukiwa imani. Na aulize pia hapa hapa, maana fedha za korosho nazo zinapandisha maghorofa, na nyumba ikishapigwa plasta na rangi nani atajua kilichomo ndani ya nguzo?

Watu hudhani tumaini ni kufuta machozi upesi. Mimi nililiona kwa waokoaji. Siku baada ya siku walitoboa vifusi, wakazungumza na waliokwama chini, wakawapitishia maji na glukosi kwenye matundu, na walioanza kuchimba kabla ya wote ni wachuuzi na wapita njia. Hakuna aliyeuliza nani huko chini ni wa msikiti na nani wa kanisa. Sisi wa Lindi hilo halitushangazi, tumezoea kuzikana.

Kusini tunayo kumbukumbu ya zamani zaidi. Misheni yetu ya Nyangao iliteketezwa mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, na Lukuledi vilevile. Mwaka uliofuata watawa Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Ndanda. Kwenye jubilei tunasimuliwa hivyo, na inapendeza masikioni. Nusu nyingine huachwa: Wajerumani walichoma mashamba na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Waliosalia hawakuelezwa na mtu kwa nini wao wamebaki. Mvua iliponyesha walishika majembe.

Ombi langu kwa mapadre, wachungaji na makatekista wenzangu ni dogo. Majanga ya taifa tusiyaache yaishie kwenye rambirambi za wiki ya kwanza. Ifikapo Novemba tuwataje wa Kariakoo kwenye misa, na michango ya jumuiya ikumbuke ada ya mtoto aliyeachwa, hata mmoja tu. Wafiwa tuwaache walie. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, ilhali alijua atamfufua.

Huku kwetu waumini huandika majina ya marehemu wao kwenye vikaratasi, nami huvisoma kabla ya misa. Yule mama naye aliniletea chake. Jina la mwanawe halimo, kijana yu hai, amesharudi kwenye biashara yake. Alikuwa ameandika maneno matatu: "Mtoto wa mwenzangu." Nikalisoma vivyo hivyo.

Katekista,
Mtama, Lindi