Udongo husamehe, maji hayasamehe

Mwanangu Neema,

Nilikuona Jumapili ile shangazi yako alipoweka kijiko chini na kuuliza, "Yaani mtoto kafaulu fizikia, kemia na baiolojia vizuri hivi, halafu anakwenda kusomea mchicha?" Watu wakacheka, nawe ukacheka nao, lakini macho yako yalibaki kwenye sahani. Mimi nilinyamaza, na nadhani kimya changu ulikielewa vibaya. Sikuwa upande wake. Nilikuwa natafuta jibu lisilo na uongo ndani yake, na kwa kuwa baba yako hufikiri polepole, limekuja leo, wiki mbili baadaye, nikiwa kwenye kitalu nyumba nangoja tangi lijae.

Sikuandikii ili uende chuo cha kilimo cha Sokoine, wala ili ukimbilie ufamasia kama anavyotaka mjomba wako. Nafasi umeipata mwenyewe. Nataka tu uijue kazi hii ya kuotesha mimea kwenye maji ilivyo siku ya Jumanne isiyo na wageni. Siku za wageni zote ni nzuri: saladi zimejipanga kwenye mabomba meupe, mgeni rasmi anapigwa picha kashika nyanya.

Anza na bibi yako. Kwenye migomba yake kule mlimani hajawahi kupima kitu. Anamwaga samadi, anatandaza majani, anaondoka. Akizidisha, udongo unashika ile ziada na kuiweka. Akisahau msimu mzima, udongo unatoa akiba yake kidogo kidogo, na mgomba haujui kwamba mwenyewe alikuwa msibani. Udongo husamehe. Haidroponiki, yaani kilimo cha maji bila udongo, maana yake umemtoa huyo msamehevu katikati, ukabaki wewe na mmea mnatazamana. Kila kitu mmea unachokula kimepita mkononi mwako.

Nilijifunza hilo mwaka wangu wa pili kazini. Tulikuwa na mabomba ambayo maji hupita chini yake kama utando mwembamba, mizizi ikilamba. Ijumaa usiku umeme ulikatika, pampu ikasimama. Jenereta lilikuwepo, ila mwenye ufunguo wa stoo alikwenda mazishini Rombo. Nilipofika Jumamosi saa sita mchana, jua limewaka juu ya plastiki, miche mia nne ya saladi ilikuwa imelala kama nguo mbichi zilizodondoka kwenye kamba. Bibi yako angekaa wiki mbili bila mvua na bado angekata ndizi. Tangu siku ile ufunguo wa stoo unalala kwangu, ndiyo maana mama yako hulalamika kwamba naamka usiku kusikiliza kama umeme upo.

Halafu kuna kosa la kila mwanafunzi, na wewe utalifanya. Mbolea ya maji huwekwa ikiwa nzito kwenye matangi mawili, A na B. Naitreti ya kalsiamu hukaa upande mmoja. Salfeti na fosfeti hukaa upande wa pili. Zikiwa nzito namna ile ukizichanganya pamoja, kalsiamu inashikana na salfeti, unga mweupe unatua chini kama chokaa, na matundu ya matone yanaziba moja baada ya jingine. Mwanafunzi atakuambia "nimeweka mbolea yote, Mwalimu," na ni kweli kaiweka. Imekaa chini ya tangi. Mimea ina njaa juu ya chakula.

Maji yetu nayo yana tabia zake. Unajua kwa nini wazee wengi wa huku wana meno ya kahawia: floraidi ya maji ya chini ya Mlima Meru. Maji hayo hayo yana bikaboneti nyingi na sodiamu. Bikaboneti inapandisha pH, yaani kipimo kinachopanda kadiri asidi inavyopungua, na pH ikipita 7 chuma kinaganda, mmea haukipati, majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kwa hiyo tunatia asidi mpaka ishuke kati ya 5.5 na 6.5. Sodiamu ni mbaya zaidi, maana mimea haiitaki. Maji yakizunguka wiki hadi wiki inabaki nyuma na kulundikana, kama mgeni asiyejua kuaga. Kitabu cha Uholanzi hakitakuambia habari hiyo ya Arumeru. Hapo ndipo utafiti unapoanza, Neema. Swali halitoki mbali. Linatoka kwenye bomba lako.

Nikupe kisa kimoja cha zamani, kwa sababu nakipenda. Watu wamelima kwenye maji kwa ajili ya kujua tangu zamani. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward aliotesha mnanaa kwenye maji ya mvua, ya mto, na maji yaliyokorogwa na udongo, akaona ule wa maji machafu ndio unaokua zaidi. Lakini kelele zilianza California mwaka 1929. William Gericke wa Chuo Kikuu cha Berkeley alisimamisha minyanya iliyopanda zaidi ya meta 7, magazeti yakamiminika. Neno hydroponics lilianza kutumika mwaka 1937, kutoka Kigiriki: maji na kazi. Watu wakaanza kuambiwa udongo umekwisha wakati wake. Sasa hapo hapo chuoni walikuwepo Dennis Hoagland na Daniel Arnon. Wakaotesha, wakapima, na mwaka 1938 wakachapisha kwamba mavuno ya maji hayapiti ya udongo mzuri. Habari baridi, isiyouza gazeti. Ila katika chapisho hilo waliweka kanuni yao ya mchanganyiko wa virutubisho, na leo ukiingia maabara ya mimea karibu popote utalisikia jina la Hoagland likitajwa na watu wanaopima gramu. Mimi nasimama upande wake, ingawa nakiri ningependa kuiona ile minyanya.

Nakwambia haya kwa sababu kelele zile zimefika kwetu. Umesikia majani ya mifugo yanayooteshwa kwenye trei: kilo moja ya shayiri inatoa kilo sita au saba za majani kwa wiki moja! Ni kweli ukipima kwa mizani. Kausha yale majani upime tena. Karibu yote yalikuwa maji, na chakula kikavu kilichobaki ni pungufu ya mbegu uliyoanza nayo, kwa kuwa mbegu nayo imepumua na kutumia. Ng'ombe hashibi mizani.

Na kuna wale akina mama wa tambarare, kule kwenye joto, unakumbuka nilirudi nyumbani nikakataa kula. Kampuni moja iliwauzia kitalu nyumba cha plastiki, paa fupi, pande zote zimefungwa, kwa fedha walizokopa kwenye vikoba. Kitalu cha namna ile kilibuniwa kwa nchi zinazotafuta joto. Wao joto walikuwa nalo la kugawa. Maua ya nyanya yalidondoka kabla ya kufunga tunda, na msimu uliofuata mnyauko wa bakteria ukaingia kwenye udongo wa ndani. Mwenyekiti wao aliniuliza, "Mwalimu, sisi tulikosea wapi?" Hawakukosea. Aliyewauzia alijua. Tulifungua zile pande tukaweka nyavu, tukaacha udongo, tukahamia kwenye ndoo zenye vumbi la makumbi ya nazi na maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu. Walipata nyanya. Mkopo waliulipa kwa miaka mitatu, na nyanya hazikutosha kuulipa wote. Nakueleza mwisho wote, kwa sababu kwenye semina huwa wanakatiza pale kwenye nyanya.

Ukiniuliza saa ipi ya kazi hii ningeilipia ili niifanye, ni ile ya machupa. Unayajua, umekulia katikati yake. Machupa saba ya lita mbili, yamevishwa nylon nyeusi ili mwani wa kijani usiote, mche mmoja wa mahindi kwa kila chupa. La kwanza lina kila kitu. La pili halina naitrojeni, la tatu halina fosforasi, la nne potasiamu, la tano kalsiamu, la sita magnesiamu, la saba chuma. Siwaambii wanafunzi lipi ni lipi. Wiki ya kwanza wanaona mimea saba sawasawa na wananiona mzee mchoshi. Wiki ya tatu wanaanza kubishana. Mmoja anasema hili la majani ya chini kuwa manjano ni njaa ya naitrojeni, maana mmea unawanyang'anya wazee na kuwapa watoto. Mwingine anasema mbona lile jingine ni manjano juu na chini kijani? Kwa sababu chuma hakihamishiki, kilichokwenda kwa wazee kimekwenda. Hapo mtoto aliyekariri virutubisho tangu kidato cha pili anaviona kwa mara ya kwanza. Nimefanya zoezi hili miaka kumi na sita na bado siku ya mabishano huvaa shati safi.

Sasa jambo ambalo sijawahi kulisema. Ulipokuwa darasa la sita nilikupa chupa lako la saladi na daftari, upime pH kila jioni. Tarehe 14, 15 na 16 uliandika 6.0, 6.0, 6.0. Ulikuwa kwa binamu zako siku hizo. Mimi nilifikiri umemwachia mama. Lakini mmea mkubwa kwenye lita mbili hauachi pH ikae pale pale. Ukinywa naitreti unarudisha bikaboneti majini, na pH inapanda. Tarehe 17 ulipima kweli ukaandika 6.9. Nikajua. Nikafunga daftari nikanyamaza, na si kwa upole.

Nilinyamaza kwa sababu nami niliwahi kujaza. Nikiwa msaidizi kijana, kwenye jaribio la pilipili hoho, nilichoka wiki moja nikaandika vipimo nikiwa kantini. Namba nzuri, zilizofuatana vizuri. Wakubwa wangu walizichora kwenye grafu, grafu ikaingia kwenye kipeperushi cha wakulima, na kipeperushi kile nimewahi kukikuta kimebandikwa ukutani kwenye duka la pembejeo, miaka tisa baadaye, kikiwa na kiwango cha mbolea ambacho sehemu yake nilikitunga mimi nikinywa chai. Nilimwomba mwenye duka anipe. Alidhani nimekipenda.

Hilo ndilo jibu langu kwa shangazi yako, ingawa sitamwambia yeye.

Kuhusu ajira, kwa ufupi, maana mama yako ameniagiza: Naivasha kule Kenya wanalima waridi kwenye pamisi, yale mawe mepesi ya volkano, na vumbi la makumbi na wanahitaji watu wanaosoma maji, Tengeru kuna utafiti wa mboga, vyuo vinahitaji walimu, na mishahara ya walimu unaijua kwa viatu vyangu. Kompyuta nayo inakuja. Mwaka 2018 Wageningen huko Uholanzi walishindanisha programu za kompyuta na wakulima wa matango, na timu moja ya kompyuta ikawapita wakulima kwa faida. Sikutishika sana. Kompyuta ile iliamini kipimo, na kipimo lazima mtu akirekebishe.

Ukiamua kwenda, nimekufungashia kile kipima pH cha zamani, nitakipeleka kituo cha basi Alhamisi. Kirekebishe kila Jumatatu kwa maji maalumu ya pH 7 kwanza, kisha ya pH 4. Ncha yake usiihifadhi kwenye maji matupu na usiiache ikauke; chupa ndogo ya kioevu chake iko mfukoni. Chini ya boksi kuna daftari lako la darasa la sita. Kurasa za tarehe 14 hadi 16 nimeziacha zilivyo. Ukurasa unaofuata nimekiambatisha kile kipeperushi.

Tangi limejaa.

Baba yako